Kompyuta Iliyobadili Mpishi Mara Tatu

"Mjomba, kwa nini laptopu inachoma mapaja?"

Swali hilo kaniuliza mpwa wangu, tena yule mdogo kabisa. Nikafurahi. Wakubwa hawaulizi hivyo. Mkubwa akiungua hutia mto chini ya laptopu, akaendelea na barua zake. Mtoto ndiye anayeuliza kwa nini. Haya, sogeeni wote, wapwa zangu, maana swali hili dogo limeisumbua kampuni kubwa ya Marekani iitwayo Apple kwa miaka mingi, mpaka ikamwondoa mpishi wake jikoni. Si mara moja. Mara tatu.

"Mpishi? Laptopu ina mpishi?"

Ina, mwanangu. Ukifungua laptopu, ndani kabisa utakuta kipande bapa, kidogo, karibu sawa na ukucha wa kidole gumba. Mafundi hukiita prosesa. Sisi leo tutamwita mpishi, na laptopu nzima itakuwa jiko lake. Ukibonyeza herufi, umemtuma mpishi. Ukifungua picha, umemtuma mpishi. Ukicheza gemu, umemtuma mara mamilioni kabla hujapepesa jicho. Hachoki, hanuni, hadai likizo. Ila anakula umeme, na umeme wote anaoula unageuka joto. Kazi ikiwa nyepesi, anakula kidogo. Kazi ikiwa nzito, anakula sana. Basi hilo joto la mapajani ni joto la mpishi.

"Si wamweke mpishi asiyekula umeme mwingi?"

Ahaa! Umeuliza kama mhandisi. Ndivyo walivyofanya. Lakini ngoja nikwambie ugumu wake.

Mpishi huyu hajui Kiswahili. Hajui Kiingereza wala Kichina. Ana lugha yake ya namba tupu, na maneno yake ni machache: chukua namba hii, jumlisha na ile, weka pale. Programu yoyote uijuayo, ya kuandikia, ya kuchorea, ya muziki, mwishowe ni karatasi ndefu ya maagizo iliyoandikwa kwa lugha ya mpishi. Na kila ukoo wa wapishi una lugha yake. Mpishi wa ukoo wa Intel hawezi kusoma karatasi ya ukoo wa Motorola. Ataitazama tu, kama wewe unavyotazama maandishi ya Kijapani.

Sasa fikiri. Leo usiku umemwondoa mpishi wa zamani, umeleta mpya, hodari, mpole, asiyekula sana. Kesho asubuhi watu wanafungua laptopu zao. Karatasi zote zimo jikoni, maelfu kwa maelfu, na mpya hajui kusoma hata moja. Utafanyaje?

Shikeni hili, nitalirudia: mpishi ni rahisi, karatasi ndizo kazi.

Mpishi wa kwanza wa kompyuta za Macintosh aliitwa Motorola 68000. Aliingia jikoni tarehe 24 Januari 1984, siku Macintosh ya kwanza ilipoonyeshwa. Yeye na ndugu zake walipika miaka kumi. Mwaka 1991 Apple ikatoa laptopu zake za PowerBook, na wao ndio walikuwamo. Laptopu hizo ziliisogeza kibodi nyuma karibu na skrini ili viganja vipate pa kupumzika mbele. Tazameni laptopu yoyote leo, ya kampuni yoyote. Viganja vinapumzika wapi? Palepale.

Lakini ukoo wa 68000 ukazeeka. Apple ikashirikiana na kampuni za IBM na Motorola kutengeneza ukoo mpya, PowerPC. Machi 1994 kompyuta za kwanza za PowerPC zikauzwa.

"Na karatasi za zamani, Mjomba?"

Wakaweka mkalimani. Mkalimani huyu hakuwa mtu wala kipande cha chuma. Alikuwa programu. Alikaa kando ya mpishi mpya, akisoma karatasi ya zamani mstari kwa mstari na kumnong'oneza: hapa wanasema jumlisha, hapa wanasema weka. Na kichekesho ni kwamba hata karatasi za jiko lenyewe, zile za mfumo endeshi, nyingi zilikuwa bado za lugha ya zamani. Mpishi mpya alikaa nyumbani kwake mwenyewe akiishi kwa mkalimani. Ilifanya kazi, ingawa polepole. Waandishi wa programu wakaandika karatasi mpya kidogo kidogo, na watu wengi hata hawakujua kwamba mpishi amebadilika.

Hiyo ndiyo mara ya kwanza. Nimeipitia haraka, maana joto la mapaja halijaanza.

Sasa twende kwenye joto.

Watoto wa PowerPC walipewa majina: G3, G4, G5. G4 alikuwa mpole. Januari 2001 akatiwa ndani ya laptopu nyembamba ya titani, unene wake inchi moja tu, na watu wakaipenda. Kisha Juni 2003 akazaliwa G5.

G5 alikuwa na majivuno, wapwa zangu. Ingekuwa prosesa zinasema, tungemsikia: "Mimi ni G5! Nipeni kazi! Nipeni nyingine! Hiyo ndogo, nipeni kubwa!" Na kweli alikuwa na nguvu. Lakini alikula! Kompyuta ya mezani aliyowekwa ndani yake ilikuwa na feni tisa. Nasema tisa, kwa ajili ya kumpoza yeye na wenzake wa mle ndani. Mwaka uliofuata, walipomharakisha zaidi, feni hazikutosha. Wakamwekea mabomba yenye maji ya kumpoza.

"Mjomba, maji ndani ya kompyuta?"

Ndani ya kompyuta, mwanangu. Mezani inawezekana. Sasa niambie, hiyo laptopu ya feni tisa na mabomba ya maji utaipakata? Hutaipakata. Wala hakuna aliyeipakata, kwa sababu laptopu ya G5 haikutengenezwa kamwe. Miaka ikapita, laptopu za Apple zimebaki na G4, na wenye laptopu za kampuni nyingine wanawapita mbio.

Steve Jobs, aliyekuwa mkuu wa Apple, ndiye aliyeumia zaidi, maana alikuwa amekwisha kutoa ahadi. Mwaka 2003 alisimama jukwaani akasema ndani ya miezi 12 G5 atafika gigahazi 3, yaani midundo bilioni 3 kwa sekunde. Mwaka ukaisha. Ukaja mwingine. Aprili 2005 G5 alikuwa gigahazi 2.7. Ahadi ni deni, na deni hilo lilikuwa la hadharani.

Basi akafanyaje? Hapa nikae kidogo, maana napapenda.

Kumbe ndani ya Apple palikuwa na siri. Mhandisi mmoja alikuwa na mtoto mdogo, na alitaka kuhamia upande wa pili wa Marekani ili mtoto akue karibu na babu na bibi. Mkewe ndiye aliyekuja kusimulia habari hizi miaka mingi baadaye. Kule mbali hakukuwa na kazi ya pamoja anayoweza kuifanya, kwa hiyo akaomba kazi ya mtu mmoja, ya kufanyia nyumbani. Kazi gani? Kuifanya Mac OS X, yaani mfumo endeshi wa Apple, karatasi za jiko lenyewe, ikubali mpishi wa ukoo wa Intel. Wakati huo Intel alikuwa mpishi wa majirani, wa kompyuta za Windows. Kumleta Intel jikoni kwa Apple lilikuwa jambo ambalo hata kulitamka ni aibu. Lakini yule bwana akalifanya, taratibu, na baadaye wakubwa walipoona linawezekana wakamwongezea wenzake.

Kwa hiyo tangu siku za mwanzo za Mac OS X, kila toleo lililotoka kwa ajili ya PowerPC lilitengenezwa kimya kimya kwa ajili ya Intel pia. Miaka mitano! Miaka mitano jiko lina mlango wa nyuma ambao jirani hajui.

Tarehe 6 Juni 2005, San Francisco. Ukumbi umejaa waandishi wa programu. Jobs anaonyesha kompyuta yake jukwaani. Kila kitu kinakwenda vizuri. Kisha akabonyeza menyu ya kona ya juu na kufungua kile kidirisha kinachotaja prosesa ya kompyuta. Watu wakasoma: Pentium 4, gigahazi 3.6. Muda wote ule walikuwa wanalishwa na mpishi wa Intel, na hakuna aliyetambua kwa ladha.

"Walikasirika?"

Wengine walipiga makofi, wengine walishika vichwa. Kwa sababu gani? Karatasi, mwanangu. Mpishi ni rahisi, karatasi ndizo kazi. Jobs aliwaeleza sababu yake kwa hesabu moja: kwa kila wati ya umeme, PowerPC waliyokuwa wanaahidiwa ingetoa vipimo 15 vya kazi, na Intel ingetoa 70. Msimsikilize mtu anayesema mpishi huyu ana kasi, basi. Muulizeni, ana kasi kwa kula kiasi gani? Kwa laptopu hilo ndilo swali.

Waandishi wa programu wakaazimwa kompyuta za kujifunzia. Kwa nje lilikuwa sanduku lilelile la G5, ndani yake Pentium. Wakaanza kuandika karatasi za pande mbili: upande huu lugha ya PowerPC, upande wa pili lugha ya Intel. Jiko lolote likiipokea, linasoma upande wake.

Na kulikuwa na mtego mmoja mdogo, niwaonyeshe kwa karibu. Tuseme mpishi anataka kuhifadhi namba 1994, na rafu yake inachukua tarakimu mbili mbili. PowerPC katika kompyuta za Apple alianza na kubwa: 19, kisha 94. Intel anaanza na ndogo: 94, kisha 19. Wote wawili wako sahihi kwa desturi zao. Lakini mmoja akichukua rafu ya mwenzake bila kuuliza, 1994 imekuwa 9419! Programu nyingi zilianguka kwenye shimo hilo kabla hazijarekebishwa.

Karatasi ambazo hazikuwahi kuandikwa upya zilipata mkalimani wa pili, jina lake Rosetta. Teknolojia yake ilitoka kwa kampuni ya Transitive ya Manchester, Uingereza. Alipewa jina la jiwe maarufu la Misri lenye maandishi ya namna tatu, ambalo wataalamu walilitumia kuyasoma maandishi ya Mafarao.

Tarehe 10 Januari 2006 Apple ikazindua MacBook Pro, laptopu yake ya kwanza ya Intel. Siku hiyo mkuu wa Intel, Paul Otellini, alitokea jukwaani katikati ya moshi wa maonyesho, amevaa vazi jeupe la kiwandani lililomfunika mwili mzima, amebeba sahani ya silikoni inayong'aa, akamkabidhi Jobs. Kama posa! Agosti mwaka huohuo kompyuta zote za Apple zilikuwa zimehamia Intel. G5 akaaga bila kuingia laptopu hata moja. Rosetta naye alikaa mpaka mwaka 2011, kisha mfumo mpya ukaja bila yeye, na karatasi za zamani ambazo hazikuandikwa upya hazikusomeka tena. Mkalimani hakai milele, wapwa zangu.

"Kwa hiyo joto likaisha?"

Likapungua, likarudi. Miaka ya mwanzo Intel alikuwa mpishi mwema. Tena alileta neema: kwa kuwa alijua lugha ya Windows, mtu aliweza kuwa na Mac na Windows katika laptopu moja. Lakini baadaye Intel akaanza kuchelewa. Chipu zake, yaani prosesa, za kizazi kipya, ambazo zingekula kidogo, ziliahirishwa, zikaahirishwa tena. Apple ilikuwa inachora laptopu nyembamba ikitegemea mpishi asiye na joto, na mpishi aliyefika alikuwa na joto lilelile. Mwaka 2018 toleo moja la MacBook Pro lenye prosesa ya Intel ya juu kabisa lilipata moto kiasi kwamba lilijipunguza mwendo lenyewe, na ikabidi Apple itoe marekebisho ya programu.

Hapo ndipo tunatakiwa kurudi nyuma, Uingereza, mji wa Cambridge. Nani anakumbuka mpishi mpole tuliyekuwa tunamtafuta? Alikuwa amezaliwa zamani, wala hakuna aliyemwazia makuu.

Palikuwa na kampuni ndogo iitwayo Acorn. Wahandisi wawili, Sophie Wilson na Steve Furber, waliamua kubuni prosesa yao. Hawakuwa na fedha nyingi. Kasha la plastiki ni rahisi, kasha la kauri ni ghali. Lakini plastiki haivumilii joto. Kwa hiyo wakataka prosesa isiyozidi wati moja. Umaskini ndio uliowafundisha adabu ya umeme, na mimi naamini kampuni tajiri isingeibuni prosesa ile.

Tarehe 26 Aprili 1985 chipu ya kwanza ikafika kutoka kiwandani. Wakaiweka kwenye ubao, ikafanya kazi siku ileile. Furber akataka kujua inakula umeme kiasi gani. Akaunganisha kipimo kwenye njia ya umeme wa chipu. Kipimo kikasoma sifuri.

"Sifuri? Imeharibika!"

Ndivyo utakavyodhani, maana isingewezekana. Chipu inafanya kazi mbele ya macho yao, na kipimo kinasema haili kitu. Akachunguza, akagundua ubao ulikuwa na hitilafu: ile njia ya umeme haikuwa imeunganishwa kabisa! Chipu haikuwa imepewa umeme wake. Ilikuwa inaishi kwa mabaki, kwa umeme kidogo unaovuja kutoka kwa chipu za jirani kupitia waya za kupashana habari.

Ingekuwa na sauti, chipu ile ingesema: "Shikamooni. Msijisumbue kwa ajili yangu. Makombo ya majirani yananitosha." Ukoo wake ukaitwa ARM. Mwaka 1990 ikaundwa kampuni ya ARM yenyewe, na nani alikuwa miongoni mwa waanzilishi, pamoja na Acorn? Apple! Ilimtaka mpishi huyo kwa kifaa chake cha mkononi, Newton. Newton hakufanikiwa sokoni. Mpishi alibaki.

Simu ikaja. Simu ina betri ndogo, haina feni, inakaa mfukoni. Nani atapika humo? Mwenye kuridhika na makombo. iPhone ya mwaka 2007 ilikuwa na ARM. Kabla ya hapo Apple ilikuwa imezungumza na Intel juu ya chipu ya simu hiyo, na Intel ikakataa, ikiona bei haitalipa. Otellini, yule wa vazi jeupe, alikiri mwenyewe mwaka 2013 kwamba hesabu ile ilikuwa na makosa. Mwaka 2008 Apple ikainunua kampuni ndogo ya wabunifu wa chipu, P.A. Semi, na mwaka 2010 ikatoa A4, chipu iliyobeba jina lake yenyewe. Kila mwaka mpishi wa simu akawa hodari zaidi. Mpaka ikafika siku watu wakapima wakaona: mbona huyu wa mfukoni anamkaribia yule wa laptopu?

"Basi wakamhamisha."

Subiri, usikimbie. Kuna jirani alijaribu kwanza akaumia. Mwaka 2012 Microsoft ilitoa Surface RT, yenye Windows na mpishi wa ARM. Mpishi hakuwa na neno. Ila hapakuwa na mkalimani! Programu za Windows ambazo watu walikuwa nazo hazikufanya kazi. Mauzo yakawa madogo, na mwaka 2013 Microsoft ikatangaza hasara ya dola milioni 900 juu ya vifaa hivyo. Semeni nami: mpishi ni rahisi…

"Karatasi ndizo kazi!"

Vizuri sana. Sasa Apple, iliyokwisha kuhama mara mbili, ilijua. Tarehe 22 Juni 2020, wakati wa korona, ukumbi haukuwa na watu, mkuu wake Tim Cook akatangaza kwa video kwamba Mac zinahamia kwenye chipu za Apple yenyewe, za lugha ya ARM. Na wakarudia mchezo wa Jobs: baada ya kuonyesha kila kitu, wakafungua kidirisha kilekile, na hapo ikaonekana muda wote ilikuwa chipu ya Apple iliyokuwa ikitumika kwenye iPad.

Novemba mwaka huo ikatoka M1, na laptopu mbili pamoja na kompyuta moja ndogo ya mezani. M1 ina transista bilioni 16, yaani swichi ndogo mno za umeme. Yule babu yake wa Cambridge alikuwa nazo kama 25,000 tu. Apple inaichora, na kampuni ya TSMC ya Taiwan ndiyo inayoitengeneza.

"Mjomba, M1 ni mpishi mmoja?"

Swali zuri hilo. Ni wanane jiko moja. Wanne wana nguvu, wanakula sana. Wanne ni wepesi, wanakula kidogo mno. Unasoma barua, unaandika insha? Wale wepesi wanatosha, wenye nguvu wamelala. Unatengeneza video? Wote wanaamka. Prosesa nyingi za laptopu za wakati huo zilimwamsha pandikizi la mtu kuchemsha kikombe cha chai.

Na kuna jambo la lugha tena. Katika lugha ya Intel, agizo moja linaweza kuwa na baiti 1, jingine baiti 15. Msomaji wa karatasi lazima kwanza atafute agizo linaishia wapi. Katika lugha ya ARM iliyomo ndani ya M1, kila agizo lina baiti 4, sawasawa, kama mistari ya daftari. Kila mpishi mwenye nguvu ndani ya M1 huchukua maagizo manane kwa mpigo bila kujiuliza. Kazi inakwenda mbele na umeme haupotei katika kutafuta.

Mkalimani je? Akaja Rosetta wa pili, mwerevu kuliko wa kwanza. Yule wa kwanza alitafsiri huku mpishi anapika. Huyu wa pili, mara nyingi, hutafsiri karatasi nzima kabla ya kupika, mara moja tu, kisha huiweka akiba. Na wabunifu wa M1 walifanya jambo lililonifurahisha kuliko yote: ndani ya chipu yenyewe walimfundisha mpishi mpya desturi moja ya Intel, utaratibu wake wa kuweka vitu kwenye kumbukumbu, ili mkalimani asipate taabu. Programu nyingine za Intel zikaenda kwa kasi zaidi kwa mkalimani kuliko zilivyokuwa kwa Intel mwenyewe.

Sasa rudini kwenye swali la mapaja. MacBook Air ya M1 haina feni. Si tisa, si moja. Hakuna. Inafanya kazi kimya, na Apple ilisema betri yake inaweza kuonyesha video saa 18.

"Kwa hiyo ni nzuri kila kitu?"

Hapana, mjomba wenu hauzi laptopu. Stoo ya jiko, yaani kumbukumbu ya RAM, imefungiwa pamoja na prosesa ndani ya kifurushi kimoja. Hilo linaongeza kasi, lakini ukinunua yenye GB 8, ni GB 8 mpaka mwisho. Fundi hawezi kukuongezea. Na ile neema ya kuwasha Windows upande mmoja na Mac upande wa pili, kama enzi za Intel, imeondoka. Kampuni ikimiliki mpishi, jiko na stoo, wewe mla chakula una sauti ndogo.

Juni 2023 kompyuta ya mwisho ya Apple yenye Intel, Mac Pro, ikapata chipu ya Apple. Uhamaji wa tatu ukaisha. Na Juni 2025 Apple ikatangaza kwamba macOS Tahoe ndilo toleo la mwisho la mfumo wake endeshi litakaloingia kwenye kompyuta zake za Intel. Rosetta wa pili naye amekwisha kuambiwa afungashe.

Kwa nini nawaambia ninyi watoto? Kwa sababu laptopu hizo za Intel hazitupwi. Zinasafirishwa, zinafutwa vumbi, zinang'arishwa, na zinafika madukani Kariakoo na Luthuli Avenue kwa bei ya kuvutia. Kwa nje ya Intel ya mwaka 2020 na ya M1 ya mwaka huohuo zinafanana kama mapacha. Siku mama au baba akikupeleka kununua Mac iliyotumika, usitazame ganda. Bonyeza alama ya tofaa kwenye kona ya juu kushoto, ufungue sehemu ya kwanza, About This Mac, kidirisha kilekile alichokifungua Jobs. Ukisoma Apple M1 au M yenye namba kubwa zaidi, zungumzeni bei. Ukisoma Intel, mwambie mzazi wako kabla hajatoa pesa: hiyo haitapata matoleo mapya baada ya Tahoe, basi bei iwe ndogo sana, au muiache hapohapo mezani.